Bakuli la Mzee Halina Kasma

Saa saba mchana kengele ya shule ya msingi inagongwa na watoto wanamiminika kutoka madarasani, kila mmoja na bakuli lake. Jiko ni banda la bati, sufuria imekaa juu ya mafiga, na mpishi anachota makande kwa upawa mrefu. Mahindi na maharage yamechangwa na wazazi, debe kwa debe, baada ya mkutano wa kijiji kukubaliana kila kaya itoe nini. Si ajabu kumwona mtoto wa darasa la tatu akila nusu, kisha akafunika bakuli kwa daftari na kuondoka nalo. Anampelekea bibi. Bibi anayelea wajukuu hajabandika chungu tangu jana jioni, kwa sababu kuni zimeisha na goti halimruhusu kwenda kuzitafuta. Akiletewa makande hayo atakunywa mchuzi na kuyaacha mahindi, maana meno ya kuyatafuna yalikwisha kung'oka.

Mjukuu na bibi wanaishi chini ya paa moja, lakini mbele ya halmashauri yao hawako mahali pamoja. Mjukuu anajulikana. Jina lake limo kwenye rejesta ya shule, na kabla ya hapo lilikuwa kwenye kadi ya kliniki. Alipokuwa chini ya miaka mitano, halmashauri ilitakiwa kumtengea shilingi 1,000 kila mwaka kutoka mapato yake ya ndani kwa ajili ya shughuli za lishe. Bibi anajulikana kwa majirani tu. Ukifungua mpango na bajeti ya halmashauri za Tanzania Bara, utapata shida kuona mstari unaosema mzee fulani, wa kitongoji fulani, atakula nini na nani atampikia.

Shilingi 1,000 ni pesa ndogo, lakini historia yake inafundisha. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Serikali, na mkataba mwingine ukafuata mwaka 2022. Tangu hapo lishe ya mtoto ikawa jambo linaloulizwa kwenye vikao. Kuna kadi alama yenye rangi: halmashauri iliyotenga na kutoa fedha huonekana kijani, iliyotenga na kukalia fedha huonekana nyekundu, na mkurugenzi mtendaji hukaa mbele ya mkuu wa mkoa kueleza rangi yake. Katika tafiti za kitaifa, udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Hauwezi kuhesabiwa kuwa umeshushwa na mkataba peke yake, na asilimia 30 bado ni watoto wengi mno. Hata hivyo mkataba ule ulibadilisha jambo moja ambalo semina za miaka mingi hazikuweza kulibadilisha: kila mtoto aligeuka kuwa hesabu ambayo mtu mwenye cheo anawajibika kuijibia.

Mzee hana hesabu ya namna hiyo.

Idadi yake si ndogo. Sensa ya 2012 ilikuta watu wenye miaka 60 na zaidi wakiwa milioni 2.5, na ile ya 2022, iliyohesabu Watanzania milioni 61.7, iliwakuta wamepita milioni 3. Wengi wao wako vijijini, ambako vijana wameondoka kwenda mijini na kuacha mashamba mikononi mwa waliobaki. Sera ya Taifa ya Wazee imekuwapo tangu 2003. Mabaraza ya wazee yameundwa kuanzia kijiji hadi taifa. Katika hospitali na vituo vya afya kuna dirisha la wazee, na mzee asiyejiweza hupewa kitambulisho cha matibabu bila malipo. Haya ni mafanikio ya kweli na yaliyopiganiwa. Lakini yote hayo humpokea mzee baada ya kuugua. Njaa ya polepole inayompeleka kwenye dirisha lile, ya mlo mmoja kwa siku au uji mtupu wiki nzima, haina ofisi.

Mfano ulio wazi zaidi wa pengo hili uko ndani ya sheria yenyewe. Tangu 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Bibi anaweza kuingia katika kikundi cha wanawake, na babu asiyeona anaweza kuingia kwenye fungu la watu wenye ulemavu. Babu mwenye miaka 74, mzima wa macho na miguu lakini asiye na nguvu ya jembe, hana fungu. Hata angekuwa nalo, mkopo si jibu kwa mtu ambaye hawezi tena kuzalisha cha kuurejeshea. Hoja hapa si kulimega upya fungu hilo na kuwanyang'anya wengine. Sheria hii inaonyesha kwamba Bunge likitaka kundi fulani lionekane kwenye bajeti ya halmashauri, linajua namna ya kuliandika.

Bila kuandikwa, hakuna kinachotokea. Bajeti ya halmashauri huanza mbali na meza ya mkurugenzi. Kijiji hukaa na kutaja vipaumbele vyake, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvichambua, wataalamu wa wilaya huvilinganisha na ukomo wa bajeti uliotolewa, na baraza la madiwani hupitisha. Kisha shughuli huingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kupangia bajeti, zikiwa na lengo, namba na kasma, yaani fungu lake la fedha. Shughuli isiyoingizwa humo haina hati ya malipo, hata kama kila diwani aliipigia makofi. Katika kikao cha kata, mwalimu mkuu anakuja na orodha ya madawati, mganga wa zahanati anakuja na orodha ya dawa, na mhandisi wa maji anakuja na mchoro wa kisima. Mzee mwenye njaa anakuja na nini? Mwakilishi wa baraza la wazee akisimama, atasema wazee wana hali ngumu. Kila mtu atakubali kwa kichwa. Afisa mipango atabaki na kalamu yake hewani, kwa sababu hali ngumu haina kiasi cha kuandika.

Afisa ustawi wa jamii ndiye angepaswa kukileta kiasi hicho. Kazi zake ni mashauri ya ndoa, watoto wa mitaani, ukatili wa kijinsia, wafungwa waliotoka gerezani, na wazee pia. Kata nyingi hazina afisa wa namna hiyo kabisa. Afisa lishe yupo wilayani, lakini mkataba anaopimwa nao unamtaka ashughulike hasa na mama na mtoto. Mzee yuko kati ya maofisa wawili, na kila mmoja anaweza kuamini kwa nia njema kabisa kwamba mzee yuko kwa mwenzake.

Marekani ilipita njia hii mapema, na inafaa kuitazama bila kuitukuza. Mwaka 1954, katika mtaa wa Kensington mjini Philadelphia, kituo kimoja cha huduma za jamii kilianza kupeleka chakula kwa wagonjwa na wazee waliokuwa wamejifungia ndani. Wabebaji wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari. Waingereza walikwisha fanya hivyo katika Hertfordshire tangu 1943, wakati wa vita. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilibaki ya kujitolea: mahali palipokuwa na watu wema wazee walikula, na mahali pasipokuwa nao hawakula. Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alisaini Sheria ya Wamarekani Wazee. Machi 1972 sheria hiyo iliongezewa mpango wa chakula wa taifa zima, na mwaka uliofuata zikaundwa ofisi za maeneo za kupanga huduma za wazee. Leo ofisi hizo ni zaidi ya 600. Nyingine ziko chini ya serikali za wilaya au miji, na nyingine ni asasi zisizo za faida zilizopewa jukumu hilo.

Nguvu ya sheria ile iko zaidi kwenye vipengele vyake vidogo kuliko kwenye fedha zake. Anayestahili ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, pamoja na mwenzi wake wa ndoa hata kama hajafikia umri huo. Mlo mmoja lazima ubebe angalau theluthi moja ya virutubishi ambavyo mzee anahitaji kwa siku, na milo itolewe siku tano au zaidi kwa wiki, isipokuwa vijijini ambako umbali hauruhusu. Mzee huombwa kuchangia akipenda, na haruhusiwi kunyimwa sahani kwa kuwa hana cha kuchangia. Ofisi ya eneo lazima iandike mpango wa miaka miwili hadi minne, iuweke wazi ili wananchi wausikilize na kuuhoji, na iwe na kamati ya ushauri ambayo zaidi ya nusu ya wajumbe wake ni wazee wenyewe. Kipaumbele kinatajwa pia: walio na uhitaji mkubwa wa kiuchumi na walio na upweke au kutengwa.

Upweke umetajwa makusudi. Fedha za sheria ile zimegawanywa kati ya mlo wa kuliwa pamoja ukumbini na mlo wa kupelekwa nyumbani, kwa sababu walioiandika walijua kwamba mtu aliye peke yake hula kidogo hata chakula kikiwapo. Mwanamke aliyepikia familia ya watu kumi kwa miaka arobaini haoni maana ya kuwasha moto kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Anakunywa chai ya rangi, analala. Korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, mipango mingi ya huko iligeuka ndani ya wiki chache na kugawa milo mlangoni. Iliwezekana kwa sababu majina, anwani na mahitaji ya wazee yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Mpango huo una kasoro zake: katika maeneo mengi wazee husubiri kwenye orodha kwa sababu bajeti haikui pamoja na idadi yao. Lakini mzee aliye kwenye orodha ya kusubiri anajulikana jina lake na mahali anapoishi. Kwa wazee wengi wa Afrika Mashariki, orodha yenyewe haipo.

Karibu zaidi na nyumbani, Zanzibar ilichukua hatua ambayo haijapata sifa inayostahili. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alifanya kazi wapi wala ana watoto wangapi, na fedha zikatoka kwenye bajeti yake yenyewe. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ilianza kidogo kidogo mwaka 2007, na kufikia 2018 ikafungua mpango wa Inua Jamii kwa kila raia wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Familia na Serikali zimetajwa katika sentensi moja, wala hakuna iliyowekwa kuwa kisingizio cha mwenzake.

Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa wote. Kuna Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao umewafikia wazee wengi maskini na kuwapa walau uhakika wa unga. Mpango huo hata hivyo unaihesabu kaya, na kaya yenye watoto wa kliniki na shule huongezewa ruzuku kwa kutimiza masharti yao. Mzee anayeishi peke yake anabaki na kiwango cha chini, hasa kwa kuwa hana mtoto wa kupeleka kliniki.

Fedha mkononi ni msingi, na yeyote anayepanga lishe ya wazee bila kuzungumzia pensheni anajenga juu ya mchanga. Lakini noti haichoti maji. Babu wa miaka 80 mwenye shilingi 50,000 na mtoto wa jicho katika macho yote mawili bado anahitaji mtu wa kwenda sokoni, wa kupasua kuni, wa kuchambua mchele usiwe na mawe na kumkumbusha kula. Hapo ndipo serikali ya mtaa au ya kijiji inapohitajika, kwa sababu wizara iliyoko Dodoma haiwezi kujua kwamba jirani aliyekuwa akimletea babu bakuli la jioni amehamia Kahama.

Wapo wanaosema kuna makazi ya wazee. Yapo: Kolandoto huko Shinyanga, Nunge Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Moshi, Magugu Manyara na mengineyo, na baadhi yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Humo wazee hupikiwa na kutibiwa. Lakini makazi yote hayo yanachukua watu mia chache, katika nchi yenye wazee zaidi ya milioni 3. Na yalikusudiwa yule asiye na mtu kabisa. Mzee wa kawaida mwenye njaa ana watu. Ana binti aliyeolewa mbali, kijana anayeendesha bodaboda Mwanza na kutuma elfu kumi akipata, na wajukuu wanne ndani ya nyumba ambao wanakula kabla yake kwa sababu yeye ndiye anayegawa.

Kuhusu chakula chenyewe, dhana moja imefanya madhara mengi: kwamba mzee anahitaji kidogo tu. Anahitaji nishati kidogo zaidi kuliko kijana anayelima, ni kweli. Lakini wataalamu wa lishe wanashauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida hukadiriwa gramu 0.8. Misuli yake inapungua haraka na mwili wake unaitumia protini kwa shida zaidi. Mzee wa kilo 50 anatakiwa kupata gramu 50 hadi 60. Ugali na mlenda pekee haviwezi kufika huko. Kiu yake nayo imepungua, kwa hiyo anakaukiwa maji bila kuhisi. Tumbo lake linazalisha asidi kidogo, na vitamini B12, ambayo iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, haifyonzwi kama zamani. Tena kuna dawa. Mzee mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi asubuhi bila kula anaweza kushuka sukari hadi akaanguka jikoni, na familia ikadhani amerogwa au amepooza.

Mlo unaomfaa hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Mtori wa Kilimanjaro, ndizi zilizopondwa na nyama ikachemshwa hadi ikavunjika, ni chakula cha mtu asiye na meno ambacho kimekuwapo kabla hajazaliwa mtaalamu yeyote wa lishe. Kanda ya Ziwa ina dagaa ambao wakikaangwa kidogo na kusagwa huingia kwenye uji, kwenye mchicha au kwenye mchuzi wa maharage bila mzee kuhitaji kutafuna, na sehemu kubwa ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Pwani kuna samaki wa kuchemsha na bokoboko. Maharage yakilowekwa usiku mzima huiva upesi, hula kuni chache na huwa laini. Tofauti kati ya makande aliyoletewa yule bibi na chakula ambacho angekimaliza ni ndoo ya maji ya kulowekea na mwiko wa kupondea.

Kwa hiyo hebu hesabu ifanywe, hata kwa penseli. Tuseme kata ina watu 12,000. Kwa uwiano wa kitaifa wa takriban asilimia 5 hadi 6, wazee wake ni kama 650. Wengi wao wanakula pamoja na watoto wao na hawahitaji mpishi wa halmashauri. Tuseme orodha iliyohakikiwa na vitongoji inakuta wazee 60 wanaoishi peke yao, au na wajukuu tu, au ambao hawawezi kupika. Mlo mmoja laini wa mchana kwa siku 22 za mwezi, ukikadiriwa kwa shilingi 1,500 pamoja na kuni na posho ya mpishi, ni milo 1,320 na gharama ya shilingi 1,980,000. Kwa mwaka ni shilingi milioni 23.76. Bei ya kila mahali itatofautiana, na Ukerewe haitakuwa sawa na Ilala. Lakini hiki ni kiasi ambacho afisa mipango anaweza kukiandika na diwani akakitetea au kukikataa kwa jina lake.

Kiasi hicho hupungua kama sufuria ipo tayari. Shule ina jiko, mpishi, stoo na utaratibu wa michango. Kuongeza chungu cha pili chenye chakula laini cha watu 20 hadi 30 wanaoishi kuzunguka shule si mradi wa kujenga. Wanaoweza kutembea wangekuja kula kivulini, na wasioweza wangepelekewa na wajukuu wao wenyewe, ambao wanafanya hivyo tayari kwa kujinyima. Jambo la kuangaliwa kwa ukali ni kwamba chungu cha mzee kiwe na fungu lake, kisichotwe kwenye mahindi ya watoto. Wazazi wanaochanga kwa shida watasusa siku watakapohisi mchango wao umegawanywa bila kuulizwa, na watakuwa na haki.

Mjini hali ni nyingine. Manzese au Buguruni hakuna kuni za kuokota wala jirani wa miaka yote, kwa kuwa wapangaji huhama kila baada ya miezi. Huko mama lishe ndiye aliye karibu zaidi na mzee kuliko ofisi yoyote. Mtaa ungeweza kuingia mkataba na mama lishe watatu wa eneo hilo, kwa vocha zinazolipwa kila wiki, wakapika maharage yaliyopondwa na wali laini kwa wazee waliotajwa. Fedha zingebaki mtaani. Malipo yakichelewa miezi miwili, mama lishe ambaye mtaji wake ni wa siku moja ataacha kupika siku ya tatu, kwa hiyo mkataba wa namna hii hufa au kuishi kwa mhasibu.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwa wazee wenyewe na kwa watoto wao: kumlisha mzee ni kazi ya familia, na halmashauri ikianza kupika, watoto wataacha. Ni hofu ya heshima na haipaswi kubezwa. Mzee ambaye wengi wetu tunamjua angependa kulala na njaa kuliko kusimama kwenye foleni ambayo majirani wataisoma kama tangazo kwamba wanawe wamemtupa. Ndiyo maana namna ya kutoa inahesabika sawa na kinachotolewa. Mlo wa pamoja unaoalika wazee wote wa kitongoji mara mbili kwa wiki, mwenye nacho na asiye nacho, hauna alama ya umaskini. Mzee anayejiweza akileta sado ya maharage, amekuwa mwenyeji. Kuhusu watoto kuacha, kijana anayetuma elfu kumi kwa mwezi haachi kutuma kwa sababu mama yake amepata uji. Anaweza kutuma kwa moyo zaidi akijua kuna mtu aliyemwona mama yake leo.

Kuonwa huko ndiko kunakoweza kuanza bila kusubiri fedha yoyote. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume. Katika mkoba wa mhudumu kuna utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu. Kwa mzee kuna kipimo rahisi vilevile. Mgongo uliopinda hauruhusu kupima urefu wake sawasawa, lakini utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kwenye shavu la mguu, mahali palipojaa zaidi, huonyesha mengi: ukisoma chini ya sentimita 31, misuli inaisha na mzee huyo anahitaji kutazamwa. Mhudumu huanza na shikamoo, kisha maswali matatu: jana ulikula mara ngapi, nani alipika, nguo zako zimekulegea tangu mavuno? Dakika kumi, na daftari lina jina la mzee, umri, kitongoji, kipimo, na kama ana meno.

Kila tarehe 1 Oktoba Siku ya Wazee Duniani huadhimishwa mkoa kwa mkoa. Wazee huvaa vizuri, husoma risala, hupokea mchele, sabuni na mablanketi, na viongozi huahidi kuyafanyia kazi yaliyosomwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai, na kwa ajili ya mwaka huo vijiji na mitaa huanza kutaja vipaumbele vyake mapema, katika miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda unaotangulia, wiki chache tu baada ya mahema ya maadhimisho kushushwa. Mhudumu aliyepima Agosti na Septemba angekuwa na daftari lake tayari kabla Kamati ya Maendeleo ya Kata haijakaa. Mwakilishi wa baraza la wazee akisimama safari hiyo angetaja wazee 60, vitongoji vyao, wangapi hawana mpishi na wangapi hawana meno, na mlo wa shilingi 1,500 siku 22 kwa mwezi. Afisa mipango angeuliza iingie kasma gani. Lishe ina kasma katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na ustawi wa jamii una yake, zote mbili ndani ya kitabu kimoja.